Kupunguza Matumizi ya Nishati Katika Maeneo ya Ujenzi: Kila Lita Inayookolewa ni Fedha ya Mradi

Jengo la umma linapoanza kujengwa, macho ya wananchi huelekezwa kwenye saruji, nondo na mabati. Ipo gharama nyingine ambayo haionekani jengo likishakamilika, nayo ni nishati iliyotumika kulijenga. Dizeli ya jenereta, mafuta ya mitambo na umeme wa taa za ulinzi hulipwa kutoka katika fungu lilelile linalonunua vifaa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika miradi inayotekelezwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo fedha hutolewa kwa kiwango maalumu. Kwa mfano, katika mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 wa mwaka 2021, kila chumba cha darasa kilitengewa Shilingi milioni 20. Katika mradi wa namna hiyo, mafuta yanayochomwa bila kazi hupunguza uwezo wa kukamilisha jengo.

Upotevu mara nyingi huanzia kwenye jenereta. Lita moja ya dizeli, jenereta ikibeba mzigo unaolingana na uwezo wake, hutoa takribani uniti 3 za umeme. Jenereta kubwa ikiwashwa kwa ajili ya mashine moja ndogo ya kukatia nondo, lita hiyo hutoa umeme pungufu ya hapo, kwa kuwa mafuta mengi huishia kuizungusha injini tu. Pale ambapo nguzo za umeme zipo karibu, ni vyema maombi ya kuunganishiwa huduma yawasilishwe TANESCO kabla ya kuchimba msingi. Pale ambapo jenereta haikwepeki, ichaguliwe inayolingana na mahitaji, na kazi zinazohitaji umeme zipangwe kufanyika pamoja ndani ya saa chache.

Eneo la pili ni taa. Taa 4 za halojeni za wati 500 zikiwaka saa 12 hutumia uniti 24 kwa usiku mmoja. Taa za LED za wati 100, zenye mwanga unaokaribiana na huo, hutumia chini ya uniti 5 kwa muda uleule.

Aidha, vifaa vyenyewe hubeba nishati. Saruji hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa kiwandani kwa joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi, hivyo zege linalomwagwa kwa kukosea vipimo ni nishati iliyopotea. Matofali ya kuchoma huteketeza kuni nyingi, ilhali matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, hayahitaji tanuri.

Hatua hizi hazitaonesha matokeo bila kumbukumbu. Daftari la mafuta lioneshe kila siku lita zilizopokelewa, mtambo uliojazwa, saa ulizofanya kazi na kazi iliyofanyika. Mtambo unaosubiri kokoto uzimwe. Dereva asiuache ukinguruma.

Wajumbe wa kamati za ujenzi na za mapokezi, ambao ni wananchi wa eneo husika, wanao wajibu wa kulikagua daftari hilo kama wanavyohesabu mifuko ya saruji. Mafuta yakishaungua hayawezi kuhesabiwa tena. Ulinzi wake hufanyika kabla hayajawashwa.