MAUA MENGI, MATUFAHA MACHACHE

Katika sehemu za baridi za Nakuru, kama vile Molo, Njoro na Kuresoi, wako wakulima waliopanda mitufaha, wakaitunza miaka mitatu au minne hata ikachanua vizuri, kisha maua yakapukutika na kuacha matunda ya kuhesabika kwa vidole. (Msomaji wa Pwani asidhani kwamba haya ni matofaa ya kwao, huo ni mti mwingine kabisa.) Wengi hulaumu udongo, na wengine humlaumu aliyewauzia miche. Lakini mara nyingi kasoro imo katika siku za kuchanua.

Kwa kawaida mtufaha hauzai vema kwa unga wa maua yake wenyewe, yaani chavua yake. Tena miti yote ya Anna, aina iliyotoka Israeli, hutokana na vikonyo vya mti mmoja wa asili. Kwa hiyo shamba la Anna mia moja ni kama mti mmoja tu. Anna huweza kujizalia kidogo, lakini huzaa zaidi ikiwa na mwenzake, kama Dorsett Golden iliyopatikana Bahama. Na haitoshi miti hiyo kuwa jirani. Mmoja ukichanua leo na wa pili baada ya majuma matatu, ni kama watu wawili waendao soko moja siku mbalimbali.

Huko Ulaya baridi kali huilaza miti yote, nayo huamka pamoja. Nakuru iko karibu sana na Ikweta, na mti huweza kuwa na majani, maua na matunda kwa wakati mmoja. Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, hupukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, na mti hutoa maua majuma machache baadaye. Mkulima wa Molo aweza kufanya vivyo hivyo kwa aina zote mbili, akiandika siku katika daftari, kwa maana huenda aina moja ikaamka upesi kuliko nyingine. Afadhali maua yaangukie Januari au Februari, kabla ya masika.

Sababu ya kuogopa mvua ni hii. Chembe ya chavua ikitua katika ncha ya kike ya ua huota uzi mwembamba unaoshuka hadi kwenye kiini cha mbegu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu R. R. Williams, wa kituo cha Long Ashton huko Uingereza, alieleza hesabu yake: kiini kikiishi siku saba, na uzi ukihitaji siku nne kukifikia, nyuki wamebakiwa na siku tatu tu. Baridi hupunguza mwendo wa uzi. Na nyuki nao hawatoki katika mvua, wala asubuhi za ukungu ambazo watu wa Molo wanazijua sana.

Mizinga, ambayo Waogiek wa Mau na Watugen wa Baringo ni mafundi wake wa tangu zamani, isiletwe mapema mno, kwani nyuki watazoea maua mengine. Iletwe ua moja katika kila kumi likiisha kufunguka. Dawa ya wadudu isinyunyizwe wakati huo, hata ile ya pareto. Nayo huua nyuki.

Aliyekwisha kupanda aina moja hana haja ya kung'oa. Aunganishe tawi la aina ya pili katika baadhi ya miti yake, na kwa msimu huu aombe kwa jirani matawi yenye maua, ayasimamishe katika debe la maji katikati ya shamba.

Tena ayaokote matufaha machanga yaliyoanguka, ayakate kwa kukingama. Ndani mna vyumba vitano kama nyota, na kwa kawaida kila kimoja chaweza kuwa na mbegu mbili. Akikuta mbegu moja au mbili tu, na tunda limepinda upande, basi chavua haikufika, au ilifika siku zimekwisha.