Saratani ya mapafu: Nesi wa kwenye simu anavyoweza kumsaidia mgonjwa aliyeko Munanila

Mgonjwa wa saratani anayetoka Munanila, wilayani Buhigwe, ana safari ndefu kuliko wagonjwa wengi nchini. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mkoani Kigoma. Bugando ya Mwanza ni karibu kidogo, na kuna mionzi na dripu za kemo, lakini napo mpaka upite Kasulu, Kibondo, Kakonko, ufike Nyakanazi, halafu bado Mwanza iko mbele.

Akimaliza mzunguko mmoja wa kemo, mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi, mara nyingi baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu yuko nyumbani na familia yake. Na saratani ya mapafu haina habari na tarehe ya kliniki. Usiku kikohozi kinatoka na damu, pumzi inabana, homa inapanda. Watoto wanaanza kuulizana: tukodi gari sasa hivi au tusubiri asubuhi? Hii ni hali ya kawaida baada ya kemo, au mzee anaondoka?

Swali hilo ndilo nesi wa simu anaweza kulijibu.

Huduma yenyewe ikoje

Wazo ni rahisi. Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani anapewa namba ya nesi anayejua saratani. Akipata shida anapiga. Na nesi naye, kwenye mipango iliyopangwa vizuri, hapigiwi tu. Yeye mwenyewe anapiga kwa siku walizokubaliana na kuuliza maswali yaleyale kila mara, ili aone kama leo ni afadhali kuliko juzi.

Uingereza huduma ya aina hii ipo, maalumu kwa saratani ya mapafu. Inaendeshwa na taasisi iliyopewa jina la Roy Castle, mpiga tarumbeta na mtangazaji wa televisheni aliyefariki 1994. Castle hakuwa mvutaji sigara. Yeye mwenyewe aliamini aliupata ugonjwa kwa kuvuta moshi wa watu wengine kwenye kumbi alizokuwa akipiga muziki. Leo mgonjwa wa huko, au mke wake, anaweza kupiga simu bure na kuongea na nesi anayeujua ugonjwa huo.

Kisa hicho cha Castle kinatuhusu. Huku ukisema saratani ya mapafu, swali la kwanza la majirani ni "alikuwa anavuta?" Sigara ndiyo sababu kubwa, hilo halina ubishi. Lakini mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini kwenye jiko lisilo na dirisha naye amevuta moshi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, limeuweka moshi wa kuni ndani ya nyumba kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na moshi wa makaa ya mawe kwenye kundi la vile vilivyothibitishwa. Kwa hiyo mama wa hivyo asifikirie kwamba simu ya nesi ni ya wavuta sigara peke yao.

Hapa Tanzania je?

Kwa miaka kadhaa sasa Ocean Road imekuwa ikijaribu njia hii. Kuna mradi wa utafiti ulioiunganisha timu ya tiba shufaa, yaani wale wanaoshughulika na maumivu na faraja ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake haitarajiwi kupona, na wagonjwa waliokwisha kurudi makwao. Wagonjwa wasiozidi hamsini waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitumia programu ya simu, jingine lilipigiwa simu ya kawaida, na wote waliulizwa kuhusu maumivu na dalili nyingine. Dalili zilipungua makundi yote mawili. Mimi naona hiyo ndiyo habari ya maana kwa vijiji vyetu: simu ya kitochi nayo ilifanya kazi. Huhitaji simu janja ndipo usaidiwe.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Ufaransa, na unahusu saratani ya mapafu yenyewe. Wagonjwa walijaza dalili zao kwenye mtandao kila wiki; dalili ikizidi, hospitali inapata taarifa na daktari anamtafuta mgonjwa. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha kwamba nusu ya waliofuatiliwa hivyo walikuwa bado hai baada ya miezi 22 na nusu. Kwa waliokuwa kwenye utaratibu wa kawaida ilikuwa miezi karibu 15.

Sasa tusidanganyane. Kule dalili ikionekana, siti skani iko karibu na dawa ipo. Mgonjwa wa Munanila nesi anaweza kumgundua mapema, halafu nauli ya kwenda Mwanza isipatikane. Simu haimpi mtu dawa. Ila inaokoa muda, na kwa ugonjwa huu muda una thamani.

Nesi anasikiliza nini

Jambo la kwanza analosikiliza nesi mzoefu ni pumzi. Kabla hajauliza chochote anasikia kama mgonjwa anamaliza sentensi au anakatika katikati. Ndiyo maana akipiga mtoto wa mgonjwa, nesi mara nyingi atasema, "Naomba unipe mzee mwenyewe kidogo."

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na kuumwa. Umelalaje leo?"

"Nimelala... nimekaa. Kulala siwezi."

Hapo nesi kashapata taarifa nzito. Mtu anayelala amekaa, ambaye juzi alikuwa analala chali, hali imebadilika. Inawezekana maji yamejaa kuzunguka pafu, na maji hayo hospitali inaweza kuyatoa kwa sindano akapata nafuu siku hiyohiyo.

Maumivu nayo hupimwa kwa mkono. Kipimo kinachotumika sana Afrika kwenye tiba shufaa kina alama sifuri hadi tano, hivyo vidole vya mkono mmoja vinatosha. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. Bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, anaongea Kiha tu, anamwonyesha mjukuu vidole vinne na mjukuu anasema kwenye simu: "Nne, sista." Imeeleweka.

Kuna dalili ambazo nesi akizisikia hatasema "subiri kliniki". Zijue hata kama huna namba ya nesi yeyote:

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, kwa mtu aliyepata kemo wiki chache zilizopita. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya saba na ya 14, na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa muda mfupi. Huku kwetu homa ikipanda tunasema malaria, tunanunua dawa dukani. Pima malaria ndiyo, lakini mwambie mhudumu wa zahanati neno la kwanza kabisa: huyu yuko kwenye kemo.

Kukohoa damu nyingi, siyo michirizi.

Uso na shingo kuvimba, mishipa ya kifuani kutokeza. Uvimbe unaweza kuwa unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Miguu kuisha nguvu ghafla, mgongo kuuma sana, au mkojo kukataa kutoka. Hii ni saratani inayobana uti wa mgongo, na ni ya saa. Akicheleweshwa siku mbili anaweza asitembee tena.

Kwa yasiyo ya dharura, nesi anafundisha papo hapo. Pumzi inapobana kidogo, mkalishe mgonjwa ainamie mbele, mikono juu ya meza au magotini, fungua dirisha, mpepee usoni kwa kipande cha boksi. Upepo usoni hupunguza ile hisia ya kukabwa. Moto wa kuni uhamie nje, na watu kumi waliokuja kumtazama watoke wabaki wawili. Hili la wageni ni gumu kuliko yote, maana kwetu kumfukuza mtu aliyekuja kujulia hali ni aibu. Ni rahisi zaidi mtoto akisema, "Nesi amekataza."

Upige namba gani

Hapa ndipo pana pengo. Namba 199 ni ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya, ni bure, na unaweza kuuliza jambo lolote la afya. Lakini anayepokea hana faili la mzee wako. Namba 115 ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima 2022. Huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Si wa saratani. Naitaja kwa sababu moja: imeonyesha kwamba mtu akipiga simu kijijini, anayepokea anaweza kumpangia gari na dereva akalipwa kwa simu. Sijaona sababu kwa nini mgonjwa wa uti wa mgongo uliobanwa asiwe na mfumo kama huo.

Kwa sasa namba iliyo bora ni ile unayoiomba mwenyewe. Kabla hujaondoka Bugando au Ocean Road, usitoke wodini bila kuuliza: nikipata shida usiku nimpigie nani? Andika namba ya wodi au kliniki nyuma ya kadi, siyo kwenye simu tu, simu huibiwa. Ukirudi, pita na karatasi za rufaa kwenye hospitali ya karibu: kuna Heri ya Waadventista hukohuko Buhigwe, Kabanga upande wa Kasulu, na Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, Kigoma mjini. Wakujue ukiwa na nafuu, siyo wakukute siku umezidiwa. Waachie pia namba ya kule ulikotibiwa, ili waweze kupigiana wao kwa wao.

Kuhusu salio: familia nyingi hubipu zikisubiri kupigiwa. Kwa namba ya wodi hilo halifanyi kazi. Weka akiba ya dakika ambazo haziguswi. Na kwa walio karibu na mpaka wa Manyovu, simu inaweza kudaka mtandao wa Burundi yenyewe na salio likaisha kwa gharama za nje. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono, uache hivyo.

Simu ni ya nani?

Mara nyingi mgonjwa hana simu. Namba iliyo kwenye faili ni ya kijana wa kwanza, na kijana huyo labda yuko shambani kwenye kahawa, au amekwenda Kasulu sokoni. Nesi anapiga, inaita tu. Bora faili liwe na namba mbili, na moja iwe ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Familia nyingi humficha mzee jina la ugonjwa wake. Anaambiwa ni kifua, ni pafu limechoka. Wengine walianza kwa kutibiwa TB miezi kadhaa, maana kikohozi, kukonda na damu vinafanana, na mzee bado anaamini ni TB. Nesi akiuliza kwenye spika, "Mzee, saratani inaendeleaje?" nyumba nzima inanyamaza.

Nesi aliyefundwa vizuri huanza kwa kuuliza: "Baba, wewe mwenyewe umeambiwa unaumwa nini?" Kisha anamfuata pale alipo. Mzee akisema, "Nataka kujua ukweli," basi ana haki hiyo, hata kama wanawe wangependa asijue. Na kuna wazee ambao wamejua siku nyingi, wanawaficha watoto.

Morfini

Simu nyingi kwenye tiba shufaa zinaishia kwenye dawa hii. Morfini ya maji ya kunywa hutuliza maumivu makali, na kwa dozi ndogo hupunguza pia ile hali ya kukosa pumzi. Watu huiogopa: wengine wanadhani ni dawa ya kumaliza mtu, wengine wanaogopa atakuwa teja. Ikitumika kwa dozi iliyoandikwa kwa maumivu ya saratani, siyo hivyo. Shida yake ya kila siku ni choo kigumu, na nesi atauliza kuhusu choo kila akipiga, msimwonee haya. Akilala sana kupita kawaida au pumzi ikawa ya mojamoja, msitoe dozi inayofuata. Pigeni simu hapohapo.

Uganda tangu 2004 sheria inamruhusu nesi aliyesomea tiba shufaa kuiandika morfini mwenyewe.

Mgonjwa akifariki, chupa iliyobaki irudishwe hospitali iliyoitoa, isipewe jirani anayeumwa mgongo. Timu nzuri ya tiba shufaa hupiga simu mara moja zaidi baada ya msiba, kutoa pole na kumuuliza mjane yeye analalaje.