Ghala Ambamo Rafu Humfuata Karani

Mwezi uliopita mzee mmoja wa huku Lugari alikuja ofisini kuuliza habari za mbolea. Alipokwisha kupata jibu lake hakuondoka. Alitoa simu mfukoni, akanionyesha picha za video alizoletewa na mjukuu wake. Katika picha hizo palikuwa na ghala kubwa kuliko uwanja wa mpira, na mashini ndogo za rangi ya machungwa zilikuwa zikienda huku na huku, kila moja imebeba rafu nzima ya bidhaa. Hapakuwa na dereva wala mpagazi. Mashini zilipishana bila kugusana.

"Mwalimu," akasema, maana wazee wengi huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, "hii ni kweli au ni sinema? Na kama ni kweli, mashini hizi zitakuja hapa kwetu? Mimi nina wajukuu wawili wanaokula kwa kubeba magunia."

Nilimwomba anipe muda, nikamwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti hili, ili wakulima wengine wa mashamba ya makazi wapate kusoma pia.

MASHINI HIZO NI KITU GANI

Ni kweli, si sinema. Mashini inayofanya kazi yenyewe kwa kufuata maagizo iliyowekewa huitwa roboti. Roboti za namna ile aliyoiona mzee zilianza na Bwana Mick Mountz wa Marekani. Zamani alifanya kazi katika kampuni iliyoitwa Webvan, iliyowauzia watu vyakula kwa njia ya kompyuta na kuwapelekea nyumbani. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2001. Mountz aliona ya kwamba taabu moja kubwa ilikuwa ghalani: kumkusanyia kila mnunuzi vitu vyake, kimoja kimoja, kuligharimu fedha nyingi mno. Mwaka 2003 akaanzisha kampuni ya Kiva Systems, akashirikiana na Peter Wurman na Raffaello D'Andrea.

Wazo lao lilikuwa jepesi. Katika ghala la kawaida mtu huiendea rafu, na siku nzima hupotea kwa kutembea. Wao walisema: mtu na asimame, rafu ndiyo imwendee. Mwaka 2012 kampuni kubwa ya Amazon iliinunua Kiva kwa dola milioni 775. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kwamba imefikisha roboti milioni moja za kila aina katika maghala yake.

JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Roboti yenyewe ni fupi, yafika magotini tu. Huingia chini ya rafu, huinua kisahani kilicho mgongoni kwake, nayo rafu huachana na sakafu. Zile ndogo za kwanza ziliweza kuinua kilo 450 hivi, yaani magunia matano ya kilo 90. Zile kubwa ziliweza kilo 1,360, ambazo ni kama magunia kumi na matano.

Je, inajuaje njia? Sakafuni kumebandikwa vibandiko vyenye alama, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Roboti ina kamera inayotazama chini. Kila ipitapo juu ya kibandiko husoma alama yake, ikajua iko wapi. Kamera nyingine hutazama juu, isome alama ya rafu, isije ikabeba ile isiyotakiwa. Kompyuta huzigawia roboti zote njia, kama askari wa barabarani aongozaye magari. Betri ikipungua nguvu, roboti hujipeleka yenyewe mahali pa kutiwa umeme.

Karani husimama pembeni mwa ghala, na roboti humjia kwa foleni. Taa humwonyesha kitundu cha rafu chenye kitu kinachotakiwa. Hukitoa, hukitia katika sanduku, na rafu huondoka. Rafu yenye vitu vinavyotakiwa kila siku hurudishwa karibu, na ile isiyoulizwa husogezwa nyuma.

JE, ZITAKUJA KWETU?

Roboti si ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilipokea roboti tano za kupima joto la mwili na kupunguza hatari ya wauguzi kuwakaribia wagonjwa. Lakini roboti ya kubeba rafu haikuundwa kwa ajili ya ghala la mahindi. Faida yake hupatikana mahali penye maelfu ya vitu vidogo vya namna mbalimbali, vinavyotakiwa kimoja kimoja mchana na usiku. Ghala letu lina kitu kimoja, ndani ya magunia mazito, nacho huingia kwa wingi wakati wa mavuno na kutoka kwa wingi wakati wa kuuza. Tena roboti hizo hutaka sakafu iliyosawazishwa vizuri, na umeme usiokatika. Kwa nafaka nyingi mashini inayofaa ni silo, ambamo mahindi hupandishwa na kushushwa kwa mashini bila gunia.

Wala roboti hazikosi hasara zake. Mwezi wa Februari 2019, huko Andover, Uingereza, ghala la kampuni ya Ocado liliteketea. Ghala hilo lilitumia roboti za namna nyingine, zinazotembea juu ya masanduku yaliyopangwa chini yake. Moto ulianzia kwenye hitilafu ya umeme mahali pa kutilia roboti umeme, na wazima moto walihangaika nao kwa siku kadhaa. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilipata moto katika ghala lake la Erith, London, baada ya roboti tatu kugongana.

Juu ya wajukuu wa mzee, nisiseme uongo. Kazi inayotaka nguvu za mgongo peke yake ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na mashini popote duniani. Kinu cha mashini kilichukua kazi ya jiwe la kusagia, na sijamsikia mama yeyote akililia jiwe. Lakini si kila badiliko ni la raha. Mwaka 2020 waandishi wa habari wa Marekani waliochunguza hesabu za Amazon walieleza kwamba watu waliumia zaidi katika maghala yenye roboti, kwa sababu mtu hulazimika kwenda mbio za mashini. Kampuni ilikataa maelezo hayo. Shauri langu kwa vijana wetu ni kwamba wasingoje. Anayebeba magunia leo na ajifunze pia kusoma mizani, kupima unyevu na kuandika daftari la ghala.

SIRI YAKE NI DAFTARI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Watu wakitazama picha zile husifu magurudumu. Mimi nasifu daftari.

Ndani ya rafu zile vitu havikupangwa kwa jamii. Sabuni yaweza kukaa na kitabu, na kitabu kikakaa na viatu vya mtoto. Ukiingia mle bila kompyuta hutapata kitu. Lakini kila kitu kinapowekwa, namba yake na namba ya kitundu chake huandikwa papo hapo, na kinapotolewa hufutwa papo hapo. Lau kumbukumbu hizo zingepotea usiku mmoja, asubuhi roboti zote zingesimama, na mali yote ingekuwa kama imefukiwa ardhini. Kumbe basi nguvu ya ghala lile ni kujua: nina nini, kiko wapi, kimeingia lini. Na kujua hakuhitaji roboti. Kwahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyeahirisha.

HASARA YANGU MWENYEWE

Siwafundishi wenzangu kana kwamba mimi sikukosa. Babu yangu alipata shamba la makazi huku miaka ya 1960, nami nalima sehemu yake. Mwaka 2016 nilivuna vizuri, nikapanga magunia ukutani. Mavuno ya 2017 yalipokuja, yale ya zamani hayajaisha, nikayapanga mapya mbele yake kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini. Tangu siku ile tulikula na kuuza ya mbele, na ya nyuma tukayasahau.

Mwezi wa Mei 2018 nilitaka kuuza magunia manne nilipe karo. Nilipofika ya nyuma nilishika gunia, likawa jepesi mkononi. Dumuzi, yule ambaye wengi humwita Osama, alikuwa amegeuza mahindi kuwa unga. Matatu yaliyogusa ukuta yalikuwa na ukungu, hata kuku sikuthubutu kuwapa. Mtoto alikaa nyumbani wiki mbili mpaka nilipokopa.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba watoto, ofisini huandika hata kalamu moja ikitoka. Hapa nyumbani umeandika nini?" Sikuwa na jibu.

FANYA HIVI GHALANI KWAKO

1. Kausha kwanza. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukiwa huna kipimo, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko vitatu au vinne vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha acha robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isipogandama, mahindi yamekaribia kukauka, lakini kabla ya kuyaweka kwa muda mrefu yapeleke yakapimwe kwa mashini. Usidharau jambo hili. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa.

2. Inua magunia. Yasikae juu ya sakafu wala yasiguse ukuta. Tengeneza kitanda cha mbao, na uache nafasi mtu apite pande zote. Gunia usiloweza kulifikia huwezi kulikagua.

3. Pa kila mahali jina. Andika ukutani kwa chokaa: A, B, C. Hivyo ndivyo vibandiko vyako vya sakafuni.

4. Pa kila gunia namba, na uandike juu yake mwezi na mwaka wa mavuno.

5. Weka daftari lenye safu sita: tarehe, namba ya gunia, mahali, lililoingia, lililotoka, yaliyobaki. Litundike mlangoni pamoja na kalamu. Yeyote atoaye gunia, awe baba, mama au mtoto, aandike kabla ya kuvuka kizingiti.

6. Lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Mavuno mapya yasizibe ya zamani kamwe. Hata kama kazi ni nyingi, toa ya zamani nje, panga mapya nyuma, urudishe ya zamani karibu na mlango.

7. Kagua kila baada ya wiki mbili. Ukiona unga chini ya gunia, litenge siku hiyohiyo.

DAFTARI LAWEZA KUZAA FEDHA

Wakulima wengi huuza mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu wana shida ya fedha. Mwaka 2019 Kenya ilipata Sheria ya Stakabadhi za Ghala. Kwa sheria hiyo mkulima hupeleka nafaka kavu na safi katika ghala lenye leseni, hupimiwa uzito na ubora, na hupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo yaweza kuwekwa rehani kwa mkopo huku mahindi yakingoja bei bora. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria kama hiyo mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara wameuza kwa njia hiyo tangu mwaka 2007.

Tazameni vizuri karatasi hiyo. Thamani yake yatoka wapi? Yatoka katika imani ya kwamba mahindi yaliyoandikwa yapo, ni mazima, na mahali yalipo pajulikana. Ghala lisilo na hesabu haliwezi kutoa karatasi ya kuaminiwa. Na mkulima aliyezoea kuhesabu magunia yake nyumbani hatadanganywa kwenye mizani ya ghala lolote.

Basi, mzee wangu, jibu langu ndilo hili. Mashini ulizoziona ni za kweli, na sioni dalili ya kwamba zitakuja kubeba magunia ya Lugari hivi karibuni. Lakini ile akili inayoziongoza yaweza kufika nyumbani kwako wiki hii. Daftari lauzwa dukani kwa bei ya soda. Wape wajukuu wako wawili kazi ya kulianzisha: mmoja ahesabu, mwingine aandike. Ukija tena ofisini kuuliza habari za mbolea, njoo nalo nilitazame.