Ukubwa wa Seli kama Kipimo cha Umri: Modeli ya Mzunguko wa Maisha ya Daiatomu wa Baharini

Daiatomu ni mwani wa seli moja, na spishi zake nyingi huelea baharini. Seli yake imefunikwa kwa gamba la silika lenye vipande viwili, kimoja kikiuvika ukingo wa kingine kama mfuniko na kikasha. Seli inapogawanyika, kila seli mpya hurithi kipande kimoja na kukifanya mfuniko, kisha huunda kikasha kinachoingia ndani yake. Hivyo, seli iliyorithi mfuniko hulingana na mzazi, ilhali iliyorithi kikasha huwa ndogo zaidi. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1869 na Macdonald na Pfitzer, kila mmoja kivyake.

Kutokana na kanuni hiyo, wastani wa ukubwa hushuka kizazi baada ya kizazi. Ikiwa seli zote hugawanyika kwa pamoja, seli moja huzaa seli 1,024 baada ya migawanyiko 10. Kati ya hizo, 1 tu hubaki na ukubwa wa awali, na 252 huwa zimepungua kwa hatua 5. Seli ikishuka chini ya kiwango fulani, hupata uwezo wa kuzaliana kijinsia. Zigoti hugeuka auksospora, ambayo hutanuka na kurejesha ukubwa wa awali. Seli isiyopata mwenza huendelea kupungua na hatimaye hufa.

Modeli inayohesabu idadi ya seli pekee haiwezi kubainisha mchakato huu. Modeli inayofaa huzigawa seli katika makundi ya ukubwa, kisha hulipa kila kundi kasi yake ya kugawanyika na ya kufa, pamoja na uwezekano wa kukutana na mwenza.

Mfano mzuri ni Pseudo-nitzschia multistriata katika Ghuba ya Naples, Italia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliotumia vipimo vya seli vya miaka kadhaa, ulionyesha kwamba uzazi wa kijinsia wa spishi hiyo hufuata mzunguko wa miaka miwili. Mtafiti anayepima kwa mwaka mmoja tu anaweza kuukosa kabisa, akadhani kuwa upungufu wa ukubwa umesababishwa na mazingira. Kosa hilo si dogo, kwa kuwa jenasi hiyo ina spishi zinazotengeneza asidi domoiki, sumu inayojikusanya katika kome na kudhuru ubongo wa mlaji. Kwa hiyo, utabiri wa ongezeko la spishi hizo hauna budi kuzingatia ukubwa wa seli sawia na idadi yake.