Jani Moja Halitoshi Kuutambua Ugonjwa wa Muhogo

Mkulima akipeleka mihogo yake kuuza Magongo, mnunuzi huukata mmoja kwanza. Akiona ndani madoa makavu ya kahawia huondoka zake, na jasho la mkulima limepotea. Pengine majani ya shamba hilo yalionekana mazima. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliotangazwa na wataalamu tangu mwaka 1936 huko Tanganyika.

Siku hizi iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA. Hutumia Kiswahili, na shambani haihitaji intaneti. Je, simu huujuaje ugonjwa? Hufundishwa kama mtoto afundishwavyo kupambanua mbuzi na kondoo, yaani kwa kuonyeshwa mifano mingi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017, kompyuta ilionyeshwa picha 2,756 za muhogo zilizopigwa Tanzania, kila moja na jina lake. Baada ya mafunzo, kompyuta hulinganisha rangi, umbo na mishipa ya jani, kisha huamua.

Alama moja hudanganya. Umanjano peke yake waweza kuwa ugonjwa, au upungufu wa chakula katika udongo. Lakini mabaka ya manjano juu ya jani lililojikunja na kudumaa ni dalili ya batobato. Umanjano kando ya mishipa, jani likiwa limenyooka, ni dalili ya michirizi. Nuru ilipojaribiwa, habari zake zikatolewa mwaka 2020, kwa jani moja ilisema kweli mara 65 katika 100. Kwa majani sita, mara 74 hadi 88.

Basi, kabla ya kukata mbegu, fanya hivi:

1. Pima majani sita: ya juu, ya kati na ya chini.
2. Tazama kama shina lina michirizi ya kahawia.
3. Chimba muhogo mmoja, uukate. Simu haioni chini ya ardhi.
4. Mmea wenye dalili usiutoe mbegu. Inzi weupe huyaeneza magonjwa haya, na pingili mbovu huyaeneza pia. Ukimpa jirani pingili hizo, umempa hasara.

Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba aje aone shamba zima.