Ndege nyeupe ya maji mu Ruashi: namna ya kujua kama ni shakwe

Wakaaji wa Ruashi wote wanajua nyange, ile ndege nyeupe inayofuata ngombe na kuzunguka ku takataka. Lakini kuna siku, zaidi wakati wa mvua, mtu anaweza kuona ndege ingine nyeupe juu ya maji yaliyosimama, mabawa marefu, na akajiuliza: hii njo nini? Inaweza kuwa shakwe. Mu muji wetu inaonekana mara chache sana, kwa sababu shakwe ni ndege ya maji makubwa, kama ziwa Tanganyika na ziwa Moero.

Anza na miguu na shingo. Nyange iko na shingo ndefu, miguu mirefu, na mdomo wenye ncha kali. Shakwe iko na shingo fupi na miguu mifupi yenye ngozi kati ya vidole, kama bata. Inakaa juu ya maji na kuogelea. Nyange haifanye vile.

Ukisha kujua kama ni shakwe, uliza: ni shakwe gani?

Ya kwanza ni shakwe ya kichwa kijivu. Hii ni ya kwetu Afrika. Inapungua kidogo ukubwa wa kunguru. Mdomo na miguu ni nyekundu, mgongo ni rangi ya majivu, na jicho linang'aa. Wakati wa kuzaa, kichwa kinakuwa kama kimevaa kofia ya majivu.

Ya pili ni shakwe ya kichwa cheusi, kutoka Ulaya. Inafanana sana na ile ya kwanza, lakini ni ndogo kidogo na jicho lake ni nyeusi. Wakati wa baridi ya kwao kichwa kinakuwa cheupe, na doa nyeusi nyuma ya jicho. Kuiona huku kusini ni bahati kubwa.

Ya tatu ni shakwe ya mgongo mweusi. Inapita kunguru kwa ukubwa. Miguu yake ni ya manjano, na mdomo wa manjano uko na doa nyekundu chini. Zingine zinazaliwa Finland na kukimbia baridi mpaka ku maziwa ya Afrika ya mashariki. Kutoka Finland mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 7,000. Angalisho: kijana wake ni wa madoa ya kahawia mwili mzima, na inapita miaka mitatu ao ine mbele ya kupata rangi ya wakubwa. Kwa mbali watu wanaweza kusema ni mwewe.

Usiamini rangi peke yake, kwa sababu jua linadanganya. Piga foto nyingi na simu: ikikaa, na ikiruka mabawa wazi. Andika siku, saa na fasi.

Tazama pia kama iko na pete ku mguu. Pete si uchawi, wala si kazi ya wapelelezi. Mu 2013, kule Misri, korongo moja ilifungwa ku polisi kwa sababu ilibeba kifaa, kumbe ni cha wachunguzi wanaofuata safari za ndege. Waliiachilia, lakini kisha watu wakaiua na kuila. Safari yote ikaishia ndani ya chungu. Kama unaweza kusoma herufi na namba za pete kutoka mbali, ziandike, kisha uache ndege iende.

Ukiikuta imekufa, usiishike na mikono mitupu, usiipeleke nyumbani, na usiwape bata ao mbwa. Mu 2017 mafua ya ndege iliua ndege za pori ku ziwa Victoria, upande wa Uganda, na mwaka ule ule ikapatikana kwa ndege za kufugwa mu Ituri. Huku kwetu familia nyingi zinafuga kuku ndani ya parseli. Ita daktari wa wanyama kwanza.

Ukiona shakwe mu Ruashi, tuletee foto ku radio. Watoto nao wazuieni kutupa jiwe: ndege ile pengine imetoka mbali kupita wote tunaowajua.