Je, Wajua? Ngamia Hayumo!

Sura ya 405 ya sheria za Kenya humlazimu mwenye gari kuchukua bima ya watu wengine wakiumia au kufa. Ukigonga ngamia hapa Ngaremara, kwenye barabara ya Isiolo–Moyale, bima yake haimo katika lazima hiyo. Angalia kama mkataba wako umetaja mali ya wengine.

Kwa nini bima hiyo ya lazima huitwa ya “mtu wa tatu”? Wa kwanza wewe, wa pili kampuni, wa tatu uliyemgonga. Gari lako? Hilo linataka bima kamili.

Nayo ina eksesi, hasara unayobeba mwenyewe. Eksesi ikiwa shilingi 20,000 na taa iliyovunjika 18,000, hulipwi hata ndururu.

Gari likiharibika kabisa, kwa kawaida hulipwa bei ya soko siku ya ajali, si uliyonunulia.